Mwenyeji Afe, Mgeni Apone: Idi Amin katika The Last King of Scotland

Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana ya methali hii haihitaji kuelezwa kwa kirefu. Mgeni anapobisha hodi, chakula kilichofichwa hutolewa, ugomvi wa nyumbani husitishwa, na mwenyeji aliyekuwa na unyonge hupata nafuu kwa sababu ya ujio wa mwenzake. Ipo filamu moja mashuhuri juu ya Uganda ambayo imeigeuza methali hii juu chini. Ndani yake mgeni anakuja, tena akiwa daktari, mtu ambaye kazi yake hasa ni kuponya. Lakini kila anapopita mwenyeji hufa, na mwisho wa yote anayepona ni mgeni peke yake. Filamu hiyo ni The Last King of Scotland.

Filamu hii ilitoka mwaka 2006 chini ya uelekezi wa Kevin Macdonald. Mswada wake uliandikwa na Peter Morgan na Jeremy Brock kutokana na riwaya ya Giles Foden iliyochapishwa mwaka 1998. Sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Uganda kwenyewe. Forest Whitaker, aliyeigiza nafasi ya Rais Idi Amin, alitunukiwa Oscar ya mwigizaji bora mwaka 2007. Tangu hapo picha ya Amin iliyomo katika vichwa vya watu wengi duniani, wakiwamo vijana wa Afrika Mashariki waliozaliwa baada ya utawala wake kuanguka, ni ile ya Whitaker. Hili pekee linatosha kuifanya filamu hii kuwa jambo la kuhakikiwa kwa makini, wala si kwa pongezi tu.

Watetezi wa filamu hii hutegemea hoja tatu. Hoja ya kwanza ni kwamba sanaa si historia, na kwa hiyo msanii hafai kuulizwa kama mambo yalitendeka jinsi alivyoyaonyesha. Hoja ya pili ni kwamba filamu hii, badala ya kuitukuza Ulaya, inaishutumu, kwa kuwa mhusika wake mkuu ni kijana mzungu mpumbavu anayeshiriki katika uovu. Hoja ya tatu ni kwamba uigizaji wa Whitaker ni wa hali ya juu kiasi cha kufunika kasoro zozote nyingine. Hoja hizi zina nguvu, na mhakiki anayezidharau hujidanganya. Hata hivyo, zikichunguzwa moja baada ya nyingine, hakuna hata moja inayosimama.

Sanaa na Uhuru Wake

Hakuna mwanafunzi wa fasihi asiyejua kwamba mtunzi ana haki ya kubuni. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969, aliwatahadharisha wasomaji wake kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule mtu wa historia, bali ni kiumbe wa ubunifu. Hakuna aliyemlaumu kwa hilo. Swali la kuuliza, basi, si kama mtunzi amebuni. Swali ni hili: alipobuni, alimpa nani alichombunia, na alimnyang'anya nani?

Hussein alitumia uhuru wake kuingia ndani ya fikira za watu wa Maji Maji. Alijiuliza jinsi neno linavyoweza kumtoka mtu na kuwa na nguvu kuliko mtu huyo; alijiuliza jinsi watu wanaoonewa wanavyoweza kuunganishwa na imani ambayo hatimaye itawaua. Ubunifu wake uliwapa Wamatumbi na majirani zao akili, shaka na mabishano ambayo kumbukumbu za serikali ya Wajerumani zisingewapa. Huo ni ubunilizi unaoongeza.

Ubunilizi wa The Last King of Scotland ni wa kupunguza. Kitovu cha filamu ni Nicholas Garrigan, daktari kijana kutoka Uskoti aliyeigizwa na James McAvoy. Garrigan hakuwako. Mwanzoni mwa filamu anazungusha tufe la dunia na kuapa kwenda popote kidole chake kitakapoangukia. Kidole kinaangukia Kanada, nchi isiyomvutia. Anazungusha tena, na Uganda inajitokeza. Kuanzia hapo mambo yaliyowapata Waganda wenye majina na makaburi yanaanza kumwendea mtu huyu asiyekuwako.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa Kay, mmoja wa wake wa Amin. Katika filamu, Kay anapendana na Garrigan, anapata mimba yake, na mwisho maiti yake inaonyeshwa ikiwa imekatwa viungo na kupangwa upya kwa namna ya kutisha. Katika historia, Amin alimpa Kay talaka mwezi Machi mwaka 1974, na mwezi Agosti mwaka huo maiti yake ikapatikana imekatwa viungo. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba alikufa kutokana na jaribio la kutoa mimba lililoharibika. Mpenzi wake alikuwa daktari kweli, lakini hakuwa Mskoti. Alikuwa Mganda, Peter Mbalu-Mukasa, naye pia alikufa wakati uo huo. Henry Kyemba, aliyekuwa waziri wa afya, alieleza katika kitabu chake A State of Blood cha mwaka 1977 jinsi mwili huo ulivyoshonwa katika chumba cha maiti.

Yafaa lizingatiwe kwa utulivu jambo lililofanyika hapa. Palikuwa na Mganda aliyempenda mwanamke aliyewahi kuwa mke wa mtu mwenye nguvu kuliko wote nchini. Palikuwa na hofu yake, hila zake, na uamuzi wake wa mwisho. Kwa kipimo chochote cha tanzia, huyo alikuwa mhusika mkuu tayari, aliyeletwa na maisha yenyewe. Watunzi wa filamu walimwondoa, wakachukua penzi lake na mauti ya mpenzi wake, wakamvika kijana wa kubuni ambaye hatakufa. Kisha mtazamaji anaombwa amhurumie kijana huyo anapoiona maiti na kutetemeka. Kusema kwamba "hii ni sanaa tu" mbele ya uhamishaji wa namna hii ni sawa na kumwambia aliyeibiwa shamba kwamba ramani ni michoro tu.

Kwa hiyo hoja ya kwanza haifai. Uhuru wa sanaa haukatazwi, lakini uhuru huo una mwelekeo, na mhakiki ana wajibu wa kuuliza unaelekea wapi. Hapa unaelekea upande mmoja kila mara: kutoka kwa Mganda kwenda kwa mgeni.

Shutuma Isiyomgharimu Mshutumiwa

Watetezi watajibu kwamba Garrigan si shujaa. Ni mtu wa anasa, mwenye tamaa ya sifa, anayelewa kwa ukaribu wa dikteta hadi anakuwa mshauri wake. Anamshuku waziri wa afya aliyemwona akizungumza na mzungu hotelini, anampasha Amin habari, na waziri huyo hapati kuonekana tena. Tena yumo ndani ya filamu Mwingereza wa ubalozi, Stone, ambaye ubaridi wake unaonyesha kwamba serikali yake ilimfahamu Amin vizuri na ikaridhika naye kwa muda aliofaa. Je, si shutuma hiyo?

Ni shutuma, lakini mtu asisahau kuuliza nani anailipia. Waziri aliyesingiziwa anakufa. Kay anakufa. Daktari Junju, Mganda mwenye busara kuliko watu wote wa filamu hii, anamsaidia Garrigan kutoroka katika uwanja wa ndege wa Entebbe, na kwa sababu hiyo anapigwa risasi. Garrigan anateswa vikali, hilo ni kweli, ila anapanda ndege na kuondoka. Makosa ni ya mgeni. Hukumu inatekelezwa juu ya wenyeji. Filamu ikiitwa ya kujilaumu, basi ni lawama ya mtu anayejipiga kifua kwa mkono wa jirani yake.

Maneno ya Junju kabla ya kufa ndiyo yanayodhihirisha itikadi ya filamu nzima. Anamwambia Garrigan aondoke akaieleze dunia habari za Amin, kwa kuwa yeye ni mzungu na atasadikiwa. Watetezi huyachukua maneno haya kama kinaya: Junju anaukejeli ulimwengu unaomsikiliza mweupe tu. Yamkini mwandishi wa mswada alikusudia hivyo. Hata hivyo, kinaya hupimwa kwa yale yanayofuata, wala si kwa nia. Yanayofuata ni kwamba filamu inatii agizo la Junju kwa ukamilifu: inasimulia habari za Amin kupitia mzungu, kwa kuwa ndiye atakayesadikiwa. Kinachodaiwa kuwa kejeli ndicho hasa kanuni ya utunzi wa filamu yenyewe.

Isitoshe, agizo hilo linapingana na kweli. Walioieleza dunia habari za Amin hawakuwa madaktari wa kubuni. Mwaka 1974 Amin mwenyewe, kwa kushinikizwa, aliunda tume ya kuchunguza kupotea kwa watu. Mamia ya mashahidi walijitokeza mbele ya tume hiyo, wakati askari waliowateka ndugu zao wakiwa bado wanazurura mitaani na magari yao. Ni vigumu kufikiria ujasiri unaouzidi wa mwanamke aliyesimama Kampala mwaka ule akataja jina la mumewe na namna alivyochukuliwa. Baadaye Kyemba akatoroka na kuchapisha kitabu kilichosomwa katika nchi nyingi. Waganda waliokuwa uhamishoni Nairobi, Dar es Salaam na London wakaandika, wakahutubu, wakaigiza. Waganda walisema. Filamu hii, iliyotoka karibu miaka 30 baadaye, inamweka Mganda wa kubuni kinywani mwake maneno ya kwamba Waganda hawawezi kusema.

Hapo ndipo hoja ya pili inapovunjika. Filamu haiishutumu Ulaya kwa kuwanyamazisha Waganda. Inawanyamazisha yenyewe, kisha inamlilia mzungu aliyebaki na jukumu la kusimulia.

Jitu na Mashine Yake

Hoja ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa hakuna mtu mwenye macho anayeweza kukana kwamba Whitaker ni mwigizaji stadi. Alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hii. Alichunguza mwendo wa Amin, kicheko chake, na ule upole wa ghafla unaomfanya aliye karibu naye ajione mteule. Mtazamaji anacheka naye, anamwonea huruma, halafu anatishika kwa kugundua kwamba amekuwa akicheka. Hayo ni mafanikio ya kweli.

Walakini ustadi huo unafanya kazi gani? Jibu linahitaji kurejelea filamu mbili zilizotangulia. Mwaka 1974 Barbet Schroeder, mwelekezi aliyefanya kazi zake Ufaransa, alitoa filamu ya hali halisi juu ya Amin, kwa idhini na ushirikiano wa Amin mwenyewe. Baadaye Amin alichukizwa na sehemu fulani na kuwashikilia raia wa Ufaransa waliokuwa Uganda hadi sehemu hizo zikatwe. Mwaka 1981 ikatoka filamu ya Sharad Patel iliyotengenezwa Kenya, ambamo Mkenya Joseph Olita aliigiza Amin. Mira Nair alimpa Olita nafasi iyo hiyo tena, kwa muda mfupi, katika Mississippi Masala ya mwaka 1991.

Filamu ya Patel ilichagua jitu. Inamwonyesha Amin kama mla watu, na kila kisa kinataka kukizidi kilichotangulia kwa kutisha. Filamu ya Macdonald ina adabu zaidi, ina rangi nzuri zaidi na muziki bora zaidi. Lakini imechagua jitu lile lile, isipokuwa limepewa haiba. Katika zote mbili, uovu unakaa ndani ya kifua cha mtu mmoja. Akicheka, nchi inapona. Akikunja uso, watu wanakufa. Mtazamaji anatoka akijua mengi juu ya nafsi ya Amin, au anadhani anajua, na hajui lolote juu ya namna nchi ilivyotawaliwa.

Nchi haitawaliwi kwa kicheko. Amin aliingia katika jeshi la King's African Rifles mwaka 1946, akianzia jikoni. Alitumwa Kenya katika miaka ya 1950 kupigana na Mau Mau. Mwaka 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, kikosi alichokiongoza kilituhumiwa kuwatesa na kuwaua wafugaji wa Turkana. Wakuu wa kikoloni walilifahamu jambo hilo, naye hakushtakiwa. Tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote akiwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alitwaa serikali, na Uingereza ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kumtambua. Mwaka uo huo zilitolewa amri zilizowapa askari mamlaka ya kukamata raia. Zikaundwa idara, kama ile ya State Research Bureau yenye makao yake Nakasero, zikiwa na mishahara, magari, mafaili, na watu waliofika kazini asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Hii ndiyo mashine. Iliwashwa na wengi, ikahudumiwa na wengi, na baadhi ya sehemu zake zilitengenezwa katika kambi za kikoloni kabla Amin hajajua kwamba angekuwa rais.

Filamu ya Macdonald inaipita mashine hii mbio. Amin wake anataja kwamba alilelewa na jeshi la Waingereza, na neno hilo linapita kama tone la mvua juu ya bati. Turkana haimo. Kwa msomaji wa Kenya pengo hili si dogo, kwa sababu mikono iliyowanyonga Waganda ilijifunza sehemu ya kazi hiyo katika ardhi ya Kenya.

Ajabu ni kwamba filamu ya Schroeder, ambayo Amin alidhani ni ya kumsifu, inaiona mashine hii kuliko hizo nyingine mbili. Humo mna mkutano wa baraza la mawaziri. Amin anazungumza kwa muda mrefu, anarukaruka kutoka jambo hili hadi lile, anamkaripia waziri wa mambo ya nje. Mawaziri wameinama, wanaandika. Kamera inapita usoni mwao mmoja baada ya mwingine, na kalamu zinaendelea. Kisha mtazamaji anaarifiwa kwamba waziri huyo wa mambo ya nje, Michael Ondoga, alikutwa amekufa katika mto Nile muda mfupi baadaye. Hapana damu katika onyesho hilo, wala viungo vilivyokatwa. Kuna wanaume wenye elimu wanaoandika upuuzi kwa bidii kwa sababu kuacha kuandika kunaweza kuwaua. Kalamu hizo zinasema juu ya udikteta mambo ambayo uso wa Whitaker, kwa uzuri wake wote, hauwezi kuyasema, kwa sababu uso huo unamtazama Garrigan.

Kwa hiyo ustadi wa Whitaker haufuniki kasoro ya filamu. Ndio unaoikamilisha. Kadiri mwigizaji anavyovuta macho, ndivyo mtazamaji anavyozidi kusahau kutazama pembeni, waliko waandishi wa noti.

Lugha ya Mtawala

Jambo moja halijapewa uzito unaostahili katika mijadala ya filamu hii, nalo ni lugha. Amin wa filamu anazungumza Kiingereza kwa sehemu kubwa, tena kwa ufasaha wa kutongoza. Hili ni tokeo la lazima la uteuzi wa msimulizi: kwa kuwa kila kitu kinapitia kwa Garrigan, Amin hana budi kuzungumza lugha ya Garrigan. Kiswahili kinabaki kuwa kiungo cha kukoleza mchuzi.

Amin wa historia alitawala kwa lugha nyingine. Kiingereza chake kilikuwa cha kuvunjikavunjika, nacho kikawapa wachekeshaji wa Ulaya mtaji. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi lake, kama kilivyokuwa lugha ya King's African Rifles, na mwaka 1973 alikitangaza kuwa lugha ya taifa la Uganda. Raia wa Kampala aliyesimamishwa kizuizini usiku aliambiwa atoe kitambulisho kwa Kiswahili. Aliamriwa kulala chini kwa Kiswahili. Kwa sababu hiyo Waganda wengi, hasa wa kusini, walikiona Kiswahili kwa muda mrefu kama lugha ya bunduki na wizi, na uadui huo ulizuia maendeleo yake hata baada ya katiba kurekebishwa mwaka 2005 na kukipa hadhi ya lugha rasmi ya pili.

Wapenzi wa Kiswahili hawapendi kulizungumza jambo hili. Wamezoea kusimulia Kiswahili cha ukombozi, cha TANU na cha umoja. Lakini lugha haichagui kinywa. Majeshi ya Tanzania yaliyoingia Kampala mwezi Aprili 1979 pamoja na Waganda wa uhamishoni yalikuja nayo yakizungumza Kiswahili. Lugha ile ile iliyomlaza raia kifudifudi ikamwambia ainuke. Hapo palikuwa na mada ya tanzia kubwa. Filamu inayosikiliza lugha ingeweza kumfanya mtazamaji ahisi jinsi neno "simama" linavyoweza kuwa hukumu ya kifo mwaka 1973 na habari njema mwaka 1979. The Last King of Scotland haikusikia lolote kati ya hayo. Msimulizi wake hakujua Kiswahili.

Dhidi ya Wanaomtetea Amin

Pingamizi zilizotolewa hapa zinaweza kutumiwa vibaya, na inafaa mlango huo ufungwe. Wapo wanaosema kwamba habari zote za ukatili wa Amin ni uzushi wa wazungu waliokasirishwa na kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972. Kwamba alikuwa mzalendo aliyewadhihaki wakoloni wa zamani kwa kujiita mfalme wa Uskoti, na kwamba filamu za kigeni zimemchafulia jina. Kwa watu hawa kosa la filamu ni kumwonyesha muuaji.

Huo ni upotovu mkubwa kuliko wa filamu yenyewe. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alinyakuliwa kutoka Mahakama Kuu mwezi Septemba 1972 na hakuonekana tena. Mwezi uliofuata Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, akatoweka. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa mwezi Februari 1977 pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, na serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Baada ya Waisraeli kuwakomboa mateka huko Entebbe mwezi Julai 1976, ndege zao zikiwa zimejazwa mafuta Nairobi, Wakenya waliokuwa wakifanya kazi na biashara Uganda waliuawa kwa kulipizwa kisasi. Makadirio ya waliokufa katika miaka minane ya utawala ule hutofautiana, kati ya 100,000 na 500,000, na idadi inayotajwa sana ni 300,000. Amin mwenyewe alikufa kitandani mjini Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, bila kufikishwa mbele ya mahakama yoyote.

Ni kwa sababu wafu hao ni wa kweli ndiyo maana filamu inastahili kulaumiwa. Anayemtetea Amin huwaua mara ya pili kwa kukana vifo vyao. Filamu inakiri vifo vyao, kisha inavitumia kupambia safari ya mgeni. Mmoja anafukia makaburi na mwingine anayafanya mandhari. Hakuna kati yao aliyesoma majina.

Hitimisho

Itaulizwa: je, ilikuwako njia nyingine? Ilikuwako, na ilikuwa imekwisha kupitwa na Waganda wenyewe. John Ruganda, mtunzi aliyeishi na kufundisha Nairobi akiwa mbali na kwao, alichapisha The Floods mwaka 1980. Tamthilia hiyo inahusu utawala wa Amin, lakini dikteta mwenyewe haonekani jukwaani. Waliopo ni Bwogo, ofisa wa idara ya upelelezi. Nankya, mwanamke msomi. Na mvuvi mzee Kyeyune, anayejua ziwa limebeba nini. Kwa kumwacha dikteta nje ya jukwaa, Ruganda alimlazimisha mtazamaji kuwatazama waliobaki: aliyetumikia, aliyenufaika, aliyeona. Wole Soyinka naye, katika A Play of Giants ya mwaka 1984, alimleta dikteta wa mfano wa Amin jukwaani kwa tashtiti kali, lakini akamzungushia madikteta wenzake na wale wanaowabembeleza, ili asionekane kuwa ajabu ya peke yake. Kazi hizo mbili zilikuwapo kabla ya riwaya ya Foden na kabla ya filamu ya Macdonald. Hazikuwa siri.

Yuko msanii mwingine ambaye wahakiki wa Afrika Mashariki wanapaswa kumkumbuka kila filamu hii inapotajwa. Byron Kawadwa aliongoza Jumba la Maonyesho la Taifa mjini Kampala. Mwanzoni mwa mwaka 1977 kundi lake liliipeleka Lagos tamthilia yake ya muziki, Oluyimba lwa Wankoko, katika tamasha la sanaa za watu weusi. Tamthilia hiyo ilikuwa ya Kiganda, ikihusu madaraka na wanaoyapigania. Muda mfupi baada ya kurudi, Kawadwa alichukuliwa na watu wa serikali akauawa. Hakuzungusha tufe la dunia kutafuta nchi ya kuishi. Alikuwa na nchi, alikuwa na lugha, alikuwa na jukwaa, na alirudi kwao akijua anarudia nini.

Hajatokea mtu wa kutengeneza filamu mashuhuri juu ya Kawadwa, na mpaka itengenezwe, mtu asiseme kwamba sinema imekwisha kusimulia habari za Uganda ya Amin. Imesimulia habari za mgeni aliyepona. Wenyeji waliolipia uponaji wake bado wanangoja kuitwa kwa majina yao.